Mabinti Tunawafungia, Wavulana Tunawaachia Kiberiti



Julai inabisha hodi, upepo wa kusi umeshakaza, na simu zetu zimeanza kujaa maneno yale yale ya kila mwaka. "Msiwatoe mabinti usiku." "Shughuli zenu zimalizeni kabla ya magharibi." "Mwanamke mwenye heshima hapiti njia ile siku za Mwaka." Maneno haya tumeyasoma, tumeyasambaza, na miaka mingine tumeyaandika sisi wenyewe. Mwaka huu hatuyaandiki. Tutaeleza kwa nini, na wapo watakaokasirika. Wakasirike, lakini wasome mpaka mwisho.

Mwaka jana tulialikwa hina katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja. Si Makunduchi kwenyewe. Mwaka Kogwa ulikuwa umeshapita siku mbili nyuma. Bi harusi ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, hina mbichi imejaa kuanzia nyayo mpaka vifundoni, na mikononi piko halijakauka. Somo wake yuko pembeni anampepea. Watoto wanatafuna visheti, uani sufuria za pilau zimeinjikwa juu ya kuni. Nje, penye njia panda, vijana kama kumi na tano wamerundika matairi na makuti makavu, wametia moto, wanaimba. Sisi tulisikia nyimbo tukacheka. Tukasema, waacheni, vijana nao wana raha zao.

Baada ya isha wageni walipoanza kumiminika, raha ile iligeuka. Kila kundi la wanawake lililopita pale lilirushiwa fataki miguuni na kufuatwa na maneno ambayo hatutayaandika hapa. Shoga yetu mmoja cheche ilimshika kwenye upindo wa baibui. Akaruka, akaanguka, goti likachubuka. Bibi mmoja wa makamo alirudi nyumbani kwake analia, na si mtu wa kulia yule. Kisha kijana mmoja, kwa mzaha tu, akatwaa kuti linalowaka akalirusha juu ya paa la banda la jikoni. Paa la makuti, mwezi wa Julai, na kusi inavuma. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa kilichofuata.

Bi harusi hakuweza kusimama. Ana hina mbichi nyayo zote mbili, angekanyaga angeteleza. Somo wake alimshika huku, mama yake mdogo akamshika huku, wakambeba kupitia mlango wa mbele kama anavyobebwa mgonjwa. Banda liliteketea lote. Nyumba ilisalimika, alhamdulillahi, kwa sababu wanaume walitoka msikitini mbio na ndoo za maji na mchanga, na kwa sababu paa lake ni la bati. Bi harusi aliolewa kesho yake na hina yenye mabaka, amekosa usingizi, na moshi haujatoka kwenye nywele.

Kulipokucha maneno yalikuwa haya: mngefanya mchana. Kwani usiku mlikuwa mnatafuta nini? Ni Mwaka, vijana wamefurahi. Hata mtu mmoja hakuuliza ni nani aliyerusha lile kuti.

Sisi tulijua. Alikuwa mtoto wa mmoja wetu, mmoja wa hawa hawa tunaoandika maneno haya. Na usiku ule ule, dada wa kijana yule, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa amefungiwa nyumbani. Alikatazwa kwenda kwenye hina ya rafiki yake kwa sababu njia si salama. Njia haikuwa salama kwa sababu kaka yake alikuwa njiani.

Msiisingizie mila

Neno la kwanza tunaloambiwa ni kwamba moto ni mila. Basi tuitazame mila yenyewe.

Mwaka Kogwa unafanyika Makunduchi kila Julai. Haufuati mwezi mwandamo kama sikukuu zetu za Idi; unafuata hesabu ya jua, na asili yake inanasibishwa na Nauruzi ya Waajemi. Watu wa pande mbili za mji hukutana uwanjani, wanaume hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka uliopita viishie pale, wanawake hupita na nyimbo zao wamevaa vilivyo bora. Kisha huchomwa kibanda cha makuti, mtu aliyekuwa ndani hutoka mbio, na watu huangalia moshi unaelekea wapi. Mgeni hukaribishwa, maana nyumba isiyo na mgeni siku ile haioni raha.

Wenye elimu ya dini wana kauli zao kuhusu mambo haya, na wanaotaka hukumu waende kwao. Sisi tunataka mtazame jambo moja tu: moto ule una mwenyewe. Kibanda kimejengwa makusudi ili kichomwe, hakuna mtu anayelala mle. Kinajengwa uwanjani, mbali na mapaa ya watu. Kinachomwa mchana kweupe, mbele ya wazee na umati mzima. Anayetia moto anajulikana, anayetoka mbio anajulikana, na kibanda kikishaanguka jambo limekwisha.

Sasa tuutazame moto wa njia panda. Unawashwa usiku, na kuni zake ni mali za watu: makuti aliyoyashona mama wa jirani, matairi yaliyookotwa gereji, ua wa mzee asiyeweza kukimbizana nao. Ukiuliza ni nani aliyewasha, kila mmoja anamtazama mwenzake. Umekaa penye njia, wanamopita watu wa kwenda msikitini na shughulini. Hauna mwisho, unazimika ukichoka wenyewe au ukipata cha kula kikubwa zaidi. Moto wa namna hii haumo katika mila yoyote ya babu zetu. Anayeuita Mwaka anawavunjia heshima watu wa Makunduchi.

Na sisi wanawake ndio tunaostahili kulisema hili, maana hakuna anayeujua moto kuliko sisi. Nani kati yetu amewahi kuinjika pilau ya watu mia kisha akaondoka akaziacha kuni zinawaka bila ya mtu? Hata mwanafunzi wa jikoni haachiwi kufanya hivyo. Ukitaka kwenda kuswali unamwita mwenzio, unamwambia, nishikie jiko. Ukimaliza kupika unavuta kuni, unamwagia maji, unapitisha mkono juu ya majivu kuhakikisha. Tumewafundisha mabinti haya tangu wana miaka minane. Wavulana tumewafundisha nini?

"Ni vijana tu"

Neno la pili ni hili, na hili ni letu. Wanaolisema zaidi ni kina mama.

Binti akichelewa robo saa kutoka chuoni tunamngoja mlangoni na maswali kumi. Kijana akirudi saa saba za usiku ananuka petroli, tunamwekea chakula kikiwa kimefunikwa. Binti akicheka kwa sauti barazani tunamkanya. Kijana akisimama njia panda na kuwarushia baruti wake za watu, tunasema ndio ujana, atakua. Atakua, ndiyo. Lakini atakua akiwa nani? Samaki hukunjwa angali mbichi, na sisi wetu tumemwacha akauke, halafu tunashangaa hakunjiki.

Mabi harusi mnaosoma hapa, hili linawahusu kuliko mnavyodhani. Kijana aliyezoea kuona hofu ya mwanamke kuwa ni kichekesho, siku moja ataposa. Kijana aliyeambiwa miaka yote kwamba akiharibu, wa kurekebisha ni mwanamke, ataingia nyumbani kwako na fikra hiyo hiyo. Mnapouliza habari za mchumba, msiulize kazi na ukoo peke yake. Ulizeni siku za sikukuu anakuwa wapi, na wanawake wanaopita mbele yake wanapita vipi.

Dini imesema na nani kwanza?

Wanaotuambia tukae ndani hupenda kutukumbusha dini. Haya, tukumbushane.

Mtume (S.A.W.) alipowakataza masahaba kukaa njiani, nao wakasema hawana budi kwa kuwa ndiko wanakozungumzia mambo yao, aliwataka waipe njia haki yake: wainamishe macho, wazuie udhia, waitikie salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Angalieni masharti yale aliwekewa nani. Aliwekewa anayekaa njiani. Anayepita hakuambiwa abadili njia.

Katika Suratun-Nur, amri ya kuinamisha macho wameanza kupewa waumini wanaume, katika aya ya 30. Sisi wanawake tunafuatia katika aya ya 31. Mbona katika mawaidha ya siku za Mwaka tunasomewa ya pili tu?

Imepokewa pia kwamba masahaba walimfanyia mzaha mwenzao aliyekuwa amelala hata akashtuka, na Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Huo ulikuwa mzaha wa usingizini, baina ya marafiki. Fataki iliyotupwa chini ya baibui la mama mjamzito tutaiita jina gani?

Na kuhusu moto wenyewe, nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwafahamisha kuwa moto ni adui, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Moto wa nyumbani kwako mwenyewe, wenye faida kwako, umeamrishwa kuuzima. Itakuwaje basi ule uliowasha mlangoni kwa mwenzako?

Si sisi peke yetu

Kuna wanaodhani tunakuza jambo. Basi tutoke kisiwani kidogo.

Iran, inakosemekana Mwaka wetu ulianzia, watu huwasha mioto na kuiruka usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho kabla ya Nauruzi. Wanauita Chaharshanbe Suri. Ni furaha ya zamani sana. Lakini siku hizi zimeingia baruti za kutengeneza nyumbani, na kila mwaka hospitali za huko hupokea watu walioungua mikono na kuumia macho, wengi wao vijana, na wengine hufa. Ni nchi ya Waislamu, na furaha ni ya tangu na tangu, lakini moto haukuwapunguzia kitu kwa ajili hiyo.

Uingereza, wanakoishi dada zetu wengi, tarehe 5 Novemba ni usiku wa mioto na fataki, kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge. Kule nao wanateseka na wahuni wa usiku ule: mapipa ya taka yanachomwa, hata zimamoto wanarushiwa fataki wakija kuokoa. Walichofanya si kuwaambia wanawake wakae ndani. Sheria inakataza kumuuzia fataki aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuzipiga kuanzia saa tano za usiku hadi saa moja asubuhi, isipokuwa usiku ule zinaruhusiwa mpaka saa sita. Mabaraza ya miji huzoa marundo ya takataka na mbao kabla ya siku yenyewe, ili mhuni akija na kiberiti asikute cha kuwasha. Watu huhimizwa waende kwenye moto mmoja mkubwa wenye wasimamizi. Hawajamaliza tatizo, lakini wameelewa kwamba dawa huwekwa penye moto. Haiwekwi kwa anayeukimbia.

Wanaotaka vyote vipigwe marufuku

Wapo ndugu watakaosema: basi yafutwe yote, Mwaka, fataki, ngoma, mambo yaishe. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Idi haina moto wa kuni, na fataki tunarushiwa. Usiku wa tarawehe hauna ngoma, na wapo waliorudi wamechomwa mabaibui. Ukiondoa sikukuu ukamwacha kijana alivyo, atatafuta sikukuu nyingine. Tena marufuku ya maneno, isiyo na mtu wa kuisimamia, tumeshaiona mara nyingi. Inatangazwa kwa kipaza sauti asubuhi na jioni inachekwa.

Tunachokitaka mwaka huu

Kwa masheha na wazee wa mitaa: wiki moja kabla, zungukeni muone matairi, makuti makuukuu na mbao zilizolundikwa ovyo, ziondolewe. Vijana wakitaka moto, wapewe mahali pamoja pa wazi, upande ambao upepo haupeleki cheche kwenye mapaa, waandikwe majina watano wa kuusimamia, na wajue saa ya kuuzima. Kijana anayepewa dhamana mbele ya watu si sawa na aliyeachwa gizani. Na atakayechoma mali ya mtu asisuluhishwe kwa chai barazani. Kuchoma mali ya mtu makusudi ni kosa la jinai, kwa hivyo apelekwe kunakohusika.

Kwa wenye maduka: mtoto wa miaka kumi anaponunua fataki au petroli kwenye chupa ya maji, wewe unajua anakwenda kufanya nini. Faida ya shilingi mia chache usije ukailipa kwa nyumba ya jirani yako.

Kwa maimamu wetu: tunaomba khutba moja tu, Ijumaa ya kabla ya Mwaka, ya haki ya njia. Isomwe kwa wanaume, maana wao ndio watakaokuwa wamekaa mbele yenu.

Kwa kina baba: tokeni. Usiku ule wanaume wazima wanne wangeketi pale njia panda na buli la kahawa, lisingerushwa kuti. Wala hamhitaji bakora. Kaeni tu.

Kwa kina mama, yaani sisi: kabla hujamuuliza binti anakwenda wapi, muulize kwanza kaka yake.

Kwa bi harusi na watu wake

Usiahirishe hina yako kwa ajili ya wahuni. Lakini jipange, maana kujipanga hakukupunguzii haki yako. Mpe sheha taarifa ya siku na saa ya shughuli, na mumuombe awajulishe wazee wa njia mtakayopita. Wageni waje kwa makundi, na kila kundi liwe na kaka au mjomba wa kulisindikiza. Hiyo nayo ni kazi ya wanaume wa familia, si hisani. Uani weka madumu mawili ya maji na ndoo mbili za mchanga karibu na jiko, na mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia kuni tu. Bi harusi asiketi chumba chenye mlango mmoja uliozibwa na masanduku. Chetezo cha udi kisiwekwe karibu na shela wala pazia, na nguo nyepesi za kung'aa tuzitazame sana, maana nyingi hazichomeki kama pamba, huyeyuka zikaganda kwenye ngozi. Nambari za zimamoto na polisi ziwe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja.

Nguo ikishika moto, usikimbie. Lala chini, jiviringishe, wenzio wakufunike kwa blanketi au zulia. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala ute wa yai. Kisha hospitali.

Na yule kijana?

Mtatuuliza, mama yake alifanya nini. Siku ya tatu alimshika mkono akampeleka mpaka kwa wazazi wa bi harusi, akasema mbele ya watu: huyu ndiye aliyerusha, na mimi ndiye niliyemlea. Alikuwa akitetemeka. Wapo jamaa waliomlaumu kwa kujivua nguo hadharani. Kijana aliomba radhi, kisha wiki mbili nzima alikata miti, akabeba makuti aliyoyanunua kwa pesa yake, akaliezua lililobaki na kulijenga banda upya. Bi harusi amesamehe. Shoga yetu mwenye goti anasema bado anashtuka akisikia mlio, na kusamehe kwake anamuachia Mola.

Vijana walikuwa kama kumi na tano. Aliyekuja kuomba radhi ni mmoja. Mama zao wengine tunakutana nao maulidini, tunapeana mikono, hatulizungumzi. Tumeandika haya ili tulizungumze.

Mwaka huu yule binti, sasa ana kumi na nane, amealikwa hina ya binamu yake. Atakwenda. Kaka yake ameambiwa amsindikize mpaka mlangoni, kisha akae nje na wazee mpaka shughuli iishe, na kiberiti kimebaki kwa mama yake.

Tunamuomba Allah atulindie nyumba zetu na shari ya moto wa dunia, atuepushe na moto wa Akhera, awaongoze watoto wetu wa kiume na awape mabi harusi wetu furaha isiyo na hofu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.